Uzi: Herufi "ough" za Kiingereza, na ile sauti iliyokufa ndani yake

Chaki Nyeupe ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Tanga, mwaka wa kumi na moja huu. Kila tunapofungua muhula wa kwanza naandika maneno sita ubaoni na kuomba mtu ajitokeze asome: though, through, tough, cough, bough, thorough. Safari hii alisimama binti mmoja ambaye kusoma anakujua kweli. La kwanza akasoma "dhou", sawasawa. La pili akasoma "throu". La tatu "tou". La nne "kou". Alipofika hapo wenzake waliotoka shule za inglishi midiamu walishaanza kucheka, na macho yake yakaanza kulengwalengwa na machozi. Nikalinyamazisha darasa, nikamwambia akae, hajakosea. Na ni kweli hajakosea. Amefanya kile alichofundishwa tangu ba be bi bo bu: herufi zilezile, sauti ileile.

Mimi neno "cough" niliwahi kuchapwa kwa ajili yake. Kidato cha pili, nilisoma "kogh", nikala fimbo mbili za kiganjani, na sababu sikuambiwa. Swali lile nimetembea nalo miaka mingi mpaka nilipoanza kusoma historia ya lugha yao, na nilichokikuta huko ndicho kilichonileta hapa. Naamini mtoto akipewa sababu, neno linakaa. Akinyimwa sababu kinachokaa ni woga.

Kwanza maneno yenyewe. Matamshi nayaandika kwa herufi zetu, na mtaona jinsi zinavyotosha. Though ni dhou, na dough, yaani unga uliokandwa, ni dou. Through ni thruu. Tough ni taf, na nduguze rough na enough ni raf na inaf. Cough ni kof. Trough, hori la kulishia ng'ombe, ni trof. Bough, tawi kubwa la mti, ni bau, na plough ni plau. Thorough kwa Mwingereza ni thara. Thought ni thoot. Bado hujagusa hiccough, inayosomwa hikap, wala lough, ziwa kwa watu wa Ireland, inayosomwa lok, au lokh kwa anayeweza. Hesabu: herufi nne, sauti tisa.

Halafu tazameni jambo dogo hapo mwanzoni mwa maneno. Though inaanza na sauti ya dhahabu, through inaanza na sauti ya thelathini. Wao zote mbili wanaziandika th. Sisi tunazitenganisha. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili akisimama kusoma ana silaha ambayo mtoto wa London hana.

Sasa kisa. Waingereza wa kale, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, hawakuwa na hiyo gh. Waliandika h, na h ile waliitamka kwa kukwaruza koo. Usiku kwao ulikuwa niht. Binti ni dohtor. Rough ilikuwa ruh, tough ilikuwa toh, thought ilikuwa thoht, through ilikuwa thurh (ile th walikuwa na herufi zao wenyewe za kuiandikia, mimi naiweka kwa herufi za leo). H ile ilikuwa kh. Kh hii hii ya "kheri" na "khabari" ya mtu wa Unguja.

Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kazi ya kuandika ikaingia mikononi mwa makarani waliolelewa na Kifaransa. Kwao h ni pumzi nyepesi tu, haiwezi kubeba mkwaruzo ule. Baada ya kujaribu hili na lile, mkwaruzo ukaishia kuandikwa gh. Kwa hiyo aliyeandika "cough" kwa mara ya kwanza aliandika alichokisikia, kama sisi tunavyoandika. Herufi zilikuwa sahihi kabisa siku ile.

Kilichoharibu ni kwamba tahajia ilikuja kuganda na midomo haikuganda. William Caxton alifungua mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, pale Westminster. Vitabu vilivyochapwa vikasambaa, watu wakazoea kuona neno likiwa na sura moja. Wakati huohuo kh ilikuwa inafifia kinywani. Mahali pengine ikatoweka bila kuacha kitu: though, through, night. Pengine ikahamia midomoni ikawa f: cough, tough, enough. Juu ya hayo, kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zote zilihama makazi. Changanya mahame hayo mawili, utapata sauti tisa katika herufi nne.

Naomba michango. Na kama kuna mtu anaishi na watu ambao bado wana sauti ile, aje.

---

Binti wa Malindi ameandika:

Mwalimu, umenigusa. Mie ni wa Malindi ya Unguja, si ile ya Kenya. Bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa akikusalimu "masalkheri" unaisikia kh inatoka ndani kabisa. Sisi wajukuu tunayo. Lakini watoto wangu waliozaliwa Dodoma wanasema "heri" na "habari" nyepesi kama karatasi, na nikisema "khabari" wananiangalia.

Nilivyosoma hapa kwamba sauti ilikufa kizazi kwa kizazi, nimewaona wanangu.

Swali langu: na gh yetu je? Sisi tunaandika gh kwenye ghali, ghafla, lugha. Ni ile ile?

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Dada, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Gh yetu ni pacha wa kh. Mahali pa kuitamkia kinywani ni pamoja, tofauti yake gh inatikisa koromeo na kh haitikisi. Weka vidole kooni, sema "khamsa" halafu sema "ghali", utaisikia mitetemo kwenye la pili. Kwa hiyo tunapoona gh ya Kiingereza tusiione kitu kigeni. Ipo ndani ya neno letu "lugha" lenyewe.

Ila sikiliza watu wanavyoongea. Ukitoka pwani ukaenda bara, ghali inakuwa gali, ghafla inakuwa gafla, lugha inakuwa luga. Ghorofa wengi wanaandika gorofa, na kamusi zimekubali. Habari na heri tumeshaziandika bila kh siku nyingi. Maana yake ni kwamba sisi pia tuko njiani, sauti inafifia midomoni mwetu leo, tunaiona kwa macho. Kwa baadhi ya maneno tahajia imeifuata sauti, kwa mengine imebaki. Mtoto wa Tabora anayesema "luga" na kuandika "lugha" amesimama palepale alipokuwa mtoto wa London miaka mia nne iliyopita.

---

Jembe Halimtupi ameandika:

Uzi mzuri ila mimi sioni kwa nini tuwatetee. Kama sauti imekufa, azikwe! Futa gh, andika thru, andika tho, andika enuf. Hawa watu wanapeleka vyombo Mirihi halafu wanashindwa kusafisha herufi? Mtoto wangu analia na kitabu kila jioni.

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Mkuu Jembe, walijaribu, na aliyejaribu si mtu mdogo. Agosti 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliiagiza ofisi ya uchapaji ya serikali itumie tahajia mpya kwa maneno 300. Though iwe tho, through iwe thru, thorough iwe thoro. Magazeti yakamrukia, Bunge likakataa, na mwaka haujaisha akaliacha. Gazeti la Chicago Tribune nalo lilianza mwaka 1934 kuandika tho na thru, likavumilia miaka arobaini na moja, mwaka 1975 likanyoosha mikono. Vilivyosalia ni vipande: Wamarekani wanaandika plow badala ya plough, donut imekaa vizuri vibaoni, na madirisha ya kuagizia chakula ukiwa garini yanaandikwa thru.

Ugumu wenyewe ni huu: ukisema uandike kama linavyotamkwa, utamsikiliza nani? Thorough kwa Mwingereza wa London ni thara, kwa Mmarekani ni tharou. Mskoti wa vijijini bado anasema "nicht" akimaanisha usiku, kh yake iko hai. Ukiandika "nait" umemfuata Mwingereza ukamwacha yeye. Kiswahili kilipitia njia hiyo: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sisi tulikubaliana mapema, kabla vitabu havijawa vingi. Wao walishachelewa kabla hata hawajajua kwamba kuna la kukubaliana.

---

Jembe Halimtupi ameandika:

Nimekusoma. Bado nasimamia thru.

---

Msafiri Berlin ameandika:

Mwalimu umeuliza nani anaishi na watu wenye ile sauti. Niko Ujerumani mwaka wa tisa. Huku kh inaliwa kama mkate. Usiku wanasema Nacht. Nane ni acht. Mwanga ni Licht, kucheka ni lachen, binti ni Tochter. Weka kando ya night, eight, light, laugh, daughter. Katika maneno haya, kila kwenye gh ya Mwingereza, Mjerumani ana ch anayoitamka. (Ile ya Licht ni nyepesi zaidi, inatokea mbele kidogo, lakini ni ukoo mmoja.)

Nilipofika niliishi nyumba moja na kijana Mholanzi. Siku moja nikamtajia mchoraji Van Gogh, nikasema "Gof" kama nilivyosikia kwenye televisheni ya Waingereza. Akaniambia pole pole: khokh. Mwanzo kh, mwisho kh. Na Wamarekani wanasema "Gou". Nimekaa nikaona, jamani, jina moja tu hilo limefanya kile ulichokieleza: kwa Mholanzi sauti ipo, kwa Mwingereza imegeuka f, kwa Mmarekani imetoweka.

Ninachojiuliza ni kwa nini f. Kutoka kooni hadi midomoni ni safari ndefu.

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Msafiri, mfano wa Van Gogh naupeleka darasani Jumatatu, shukrani sana.

Kuhusu f: safari ni ndefu kinywani ila sikioni ni fupi. Mpigie mtu simu mahali penye mtandao hafifu, mwambie "okh", halafu "of", muulize umesema nini. Zote ni upepo unaochuja. Tena ukisema o au u midomo inakuwa imeshaviringa, kwa hiyo kh inayofuata inatoka ikiwa na harufu ya midomo. Mtoto anayejifunza lugha anasikia f, anasema f, na anayemfuata hajui kama kulikuwa na kingine.

Ndiyo maana hutakuta hata siku moja neno lenye igh likasomwa kwa f. Night, light, high, sigh: i haiviringi midomo, kh haikupata daraja la kuvukia, ikafa palepale.

Tena jirani yako Mholanzi ana ushahidi wa upande wa pili. Kwao f ndiyo iliyokwenda kooni. Mwingereza anasema soft, Mholanzi anasema zacht. Hewa kwa Mjerumani ni Luft, kwa Mholanzi lucht. Mlango ni mmoja, wengine waliingia, wengine walitoka.

---

Kete Nyeusi ameandika:

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mie Kiingereza changu cha darasa la saba la zamani, lakini nimecheza drafti chini ya mwembe mmoja tangu mwaka 1979. Mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu yake kwamba jina la drafti linaandikwa d-r-a-u-g-h-t-s. Nikamwambia wamekosea. Nimeona uzi huu nikasema niulize kwa wenye ujuzi.

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Marahaba babu, na shikamoo nakurudishia mimi.

Hawajakosea, na mjukuu wako kakuonyesha sawa. Draughts ni neno la kh iliyogeuka f, linasomwa drafts, na sisi tukalipokea kwa sikio tukaandika drafti. Lenyewe limetokana na kuvuta. Zamani wachezaji wa sataranji Uingereza walikuwa wakiita draught kule kusogeza kete kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kama kuikokota, na mchezo wenu ukabaki na jina la kukokotwa kwa kete. Kila unaposukuma kizibo chako cha soda kutafuta kingi, umefanya draught moja.

Na hapa wakuu naomba tusimame kidogo, maana babu amenikumbusha utajiri tulio nao. Maneno haya yameshaingia Kiswahili, na Kiswahili kiliyachuja kwa haki. Mchezaji akimkanyaga mwenzake uwanjani tunasema amecheza rafu. Hiyo ni rough. Suruali inayobana ni taiti, na hiyo ni tight. Masikio ya wazee wetu yalisikia f kwenye rough na draughts wakaandika f. Kwenye tight hayakusikia kitu, hawakuandika kitu. Mtoto anayejua rafu, drafti na taiti ameshajua matamshi ya maneno matatu ya gh kabla hajakanyaga shule. Mimi naanzia hapo siku hizi. Naandika "rough" ubaoni, nauliza nani amewahi kuchezewa rafu. Mikono yote juu.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku ameandika:

Hodi humu. Mimi neno "cough" naliandika kwenye mafaili ya wagonjwa kuliko neno lolote, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeliangalia vizuri. Nimelisema kwa sauti kwa namna mwalimu alivyosema la zamani, kokh, hapa kituoni. Mwenzangu akageuka kuuliza nani anakohoa.

Halafu nikaona: kohoa. Koh. Hivi si neno letu kabisa?

Na kwikwi je, hiyo hiccough, imefikaje kusomwa hikap?

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Nesi, mwenzako amesikia sawasawa. Neno lao la kale lilikuwa linaiga kifua, na letu la Kibantu linaiga kifua hichohicho. Hayakuzaliwa pamoja wala hayakuazimana. Yamefanana kwa sababu mapafu ya watu yamefanana. Kh ilipogeuka f Waingereza wakapoteza mlio ule, ndiyo maana "kof" hakikohoi tena. Kohoa yetu bado inakohoa.

Kwikwi ina kisa kingine. Neno la asili ni hiccup, nalo linaiga mlio kama kwikwi yetu. Baadaye watu wakadhani, kwa kuwa linatoka kifuani, lazima lina undugu na cough, wakaanza kuliandika hiccough. Kinywa kikabaki na hikap. Kwa hiyo gh ile haikuwahi kutamkwa hata siku moja. Ni ya kubandikwa.

Na haiko peke yake. Delight, furaha kubwa, lilitoka Kifaransa likiandikwa delit, safi, bila gh. Kwenye karne ya 16 watu wakaliona limekaa kama light na night, wakalivisha gh ili lifanane nao. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba kila gh ina kh iliyokufa ndani yake, kumbe nyingine hazina kitu. Kesho yake nilirudi darasani nikawaambia nimekosea, nikawaonyesha delight.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa iko hivi: ukikuta gh mwishoni au katikati ya neno la Kiingereza, mara nyingi palikuwa na kh. Ila uliza kwanza.

---

Mama Wawili ameandika:

Asanteni, ila mimi nahitaji msaada wa leo usiku. Binti yangu yuko darasa la tano, mtihani wiki ijayo, na mimi si mwalimu. Nimsomeshe vipi maneno haya? Historia nimeipenda lakini hawezi kubeba yote.

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Mama, usimpe maneno yote kwa mara moja, na usiyapange kwa alfabeti kama vitabu vingi vinavyofanya. Mpe kwa ukoo.

Anza na igh, maana haina usumbufu: night, light, right, fight, might, sight, tight, bright, high. Zote "ai". Mwambie ni ukoo wa taiti. Maneno yenye e mbele, eight, weight, neighbour, ni "ei", na anayekataa hapo hasa ni height, yeye amebaki na "ai".

Kesho mpe ought: bought, brought, thought, fought, ought. Zote "oot". Na hapa utampatia zawadi mbili kwa mpigo, maana haya ndiyo yale matendo ya wakati uliopita yanayowaponza watoto, wanaandika "buyed" na "bringed". Mwache aseme kwa mdundo: buy bought, bring brought, think thought, fight fought. Halafu ongeza catch caught na teach taught, ambazo zina a badala ya o lakini mdundo ni uleule. Ukaidi uko kwenye drought, ukame, inayosomwa draut. Mwambie huyo mmoja asimame peke yake.

Siku ya tatu mpe ukoo wa rafu: rough, tough, enough, kisha cough na trough, kisha laugh. Waandike kwenye karatasi moja na juu yake chora mpira.

Zinazobaki ni chache, though, although, dough, through, thorough, plough. Hizo azione ndani ya sentensi, asizikariri zikiwa kwenye orodha. Though na through ndizo zinazochanganywa kuliko zote. Mimi huwaambia watoto watazame r: r ya through inapita katikati ya neno kama mtu anayepita katikati ya mlango, na through maana yake ni kupita katikati. Wengi hawasahau tena.

Na tafadhali, akikosea, usicheke na usimruhusu kaka yake acheke.

---

Kijana wa Lushoto ameandika:

Nachangia kidogo. Nimesoma shahada ya pili mji unaitwa Loughborough, huko Leicestershire, Uingereza. Tazameni jina lenyewe: lina ough mbili na kila moja ina sauti yake. Lafbara. Ya kwanza imekuwa f, ya pili imetoweka. Dereva wa teksi niliyemwambia "Lougabaroga" siku ya kwanza alinielewa na hakucheka, akaniambia wageni wote wanaanzia hapo. Na treni ya kuelekea magharibi kutoka London inapita mji wa Slough, unaosomwa Slau. Lakini slough hiyohiyo, ukiwa unazungumzia nyoka kujivua gamba, inasomwa slaf.

---

Mama Wawili ameandika:

Wakuu, nimerudi kutoa ripoti. Siku tatu tumefanya kama mwalimu alivyosema. Ukoo wa taiti umeisha usiku mmoja. Buy bought bring brought anaimba akiwa anaosha vyombo. Karatasi ya mpira iko ukutani.

Jana usiku, tumeshazima taa, akaniita. Akasema mama, laughter na daughter zimepishana herufi moja tu ya mwanzo. L na d. Kwa nini moja ni lafta na nyingine si dafta?

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamuulizia.

---

Chaki Nyeupe ameandika:

Mama, mwambie swali lake limenifanya niinuke kitandani nikawashe taa.

Mwambie hivi. Laughter na daughter zote zilikuwa na kh. Laughter ilichukua njia ya f, daughter ikachukua njia ya kutoweka, na zikabaki zinatazamana kwenye karatasi kama zamani. Lakini "dafta" ilikuwepo. Kusini-magharibi mwa Uingereza, Devon na Cornwall, kulikuwa na watu waliosema dafter wakimaanisha binti, nayo ikanukuliwa kwenye kamusi ya lahaja zao. Matamshi ya London ndiyo yaliyoshinda. Kwa hiyo angezaliwa kwenye kijiji fulani cha Devon zamani zile, akasoma "dafta" mbele ya darasa, hakuna ambaye angegeuka kumtazama.

Nipe na jina la ukoo gani anataka tumpe neno hilo, nimwandikie ubaoni Jumatatu pamoja na la Van Gogh.

---

Mama Wawili ameandika:

Amesema ukoo wa walioondoka kijijini. Sasa hivi anamtafuta slaughter yuko upande gani.